Usiniandikie "Hakuna"

Juzi, nilipokuwa nawaonyesha namna ya kukausha slaidi bila kuiunguza, binti mmoja wa darasa lenu alinyoosha mkono akaniuliza: "Bibi, hii mantiki unayotuimbia kila siku, mtu anaijua kama anavyojua baiolojia, au ni ujuzi wa namna nyingine kabisa?" Wenzake wakacheka. Mimi nikasema nitajibu kesho. Kesho yake nikasingizia mafua. Sikuwa na mafua, wajukuu zangu. Swali lile lina mtu ndani yake, na nikimtaja kwa mdomo sauti inanikatika, halafu nyinyi mnaanza kukimbizana kuniletea maji. Ndiyo maana nawaandikia.

Mnanijua kwa jina la Bibi Maabara. Jina langu ni Ezaru, mzaliwa wa Mvara, pale Arua, na umri wangu wote wa kazi nimeuinamia hadubini. Mgongo huu mnaoucheka mkidhani sioni, ulipindia huko. Kiswahili changu kilinyooshwa baadaye, nilipofanya kazi miaka mingi upande wa Tanzania. Kule kwetu West Nile tunakisema kivyetu, bila mapambo, na watu nitakaowataja nitawaacha waseme walivyosema. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini sikilizeni.

Kazi yetu ilikuwa malale. Mbung'o anakuuma ukiwa mtoni unachota maji, anakuachia wadudu wadogo mno kwenye damu. Miezi inapita, pengine miaka, kisha wale wadudu wanapanda kwenye ubongo. Hapo mtu anaanza kulala mchana na kukesha usiku, tabia inageuka, majirani wanasema amelogwa au amekuwa mvivu, na asipotibiwa anakufa. Sisi tulikuwa kikosi kidogo tukizunguka Koboko kijiji kwa kijiji, tukiwa na Land Rover iliyokohoa kuliko wagonjwa, meza ya kukunja na hadubini isiyojua umeme ni nini. Chini yake ilikuwa na kioo, nawe unakigeuza mpaka kinase mwanga. Usikielekeze kwenye jua lenyewe, utaliunguza jicho. Kielekeze kwenye wingu jeupe. Hilo hamtalihitaji, nyinyi wa taa za kubonyeza, lakini nawaambia kwa sababu nalipenda.

Mkubwa wetu wa hadubini alikuwa Mzee Rajabu. Alikuwa Mnubi wa Koboko, babu yake alikuja na askari kutoka Sudan, naye alivaa koti jeupe la maabara juu ya kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono ambayo mkewe, Mama Zubeda, aliifua mpaka ikang'aa. Alikuwa mwembamba, mpole, mpenda chai ya sukari nyingi siku ambazo sukari ilipatikana. Ujana wake alisoma chuo cha Kurani kwa shehe mmoja aliyemfundisha, pamoja na dini, ile elimu ya kupima maneno, yaani nini kinafuata nini na nini hakifuati. Mzee aliichukua akaiingiza kwenye damu na tezi za watu, akaona zinaelewana vizuri sana.

Siku yangu ya kwanza nilimpima mama mmoja, nikatazama tone lake la damu mpaka macho yakatoa machozi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: "Hakuna wadudu." Mzee akalisoma. Akaondoa miwani.

"Hii 'hakuna' wewe natoa wapi?"

"Nimeangalia, Mzee."

"Wewe naangalia nini?"

"Damu yake."

"Damu yake yote?"

"Tone moja."

"Aa. Tone moja. Basi sema ya tone moja. Andika 'hajaonekana'. Mdudu anaweza kuwa iko kwa ile tone ingine, anacheka wewe. Usiniandikie 'hakuna', binti yangu. 'Hakuna' iko neno ya Mungu peke yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifuta, nikaandika "hajaonekana", na tangu siku ile mpaka nastaafu sikuwahi kuandika vingine. Ndiyo maana nawafokea. Kumbe mlidhani ni ukali wa uzee!

Baadaye alinifundisha ujanja wenyewe. Ukitazama damu mbichi, usimtafute mdudu, maana ni mwembamba na hana rangi. Zitazame chembe za damu. Zikitulia, sogea. Ukiona mahali zinasukumwasukumwa bila sababu, ngoja hapo hapo, mwenye kuzisukuma atajitokeza. Na maji ya tezi, yale tunayofyonza kwa sindano kwenye tezi za shingo zilizovimba, yatazame papo hapo kabla hayajakauka, usiende kusalimiana na watu kwanza. Hayo yote ni sayansi, na aliyajua kwa sababu ameona mara nyingi mno. Lakini lile la "hakuna" na "hajaonekana" halikuwa la kuona, au ndivyo alivyosema yeye, na ndipo ugomvi wenyewe ulipoanzia.

Lakini kwanza niwape la kucheka. Tulikuwa tumekaa tunakula muhogo wa kuchemsha na simsim, yaani ufuta, Mzee akaniuliza kwa upole kabisa:

"Binti, wote yenye malale iko na tezi kwa shingo. Sawa?"

"Sawa, Mzee."

"Gusa shingo yako. Iko na tezi?"

Nikagusa. Jamani! Nyuma ya shingo palikuwa na kitezi kama punje ya mahindi.

"Iko, Mzee."

"Basi?"

Basi nikaangua kilio. Niliona kaburi langu pale Mvara na dada zangu wamelizunguka. Mshika mbung'o wetu, Dravu, kijana wa Vurra mwenye kucheka ovyo, alipaliwa na muhogo mpaka dereva akampiga mgongo. Mzee hakucheka. Alinigeuza kichwa, akaniangalia nywele, akakuta kidonda kidogo pale dada yangu aliponisuka akakaza kama anafunga kuni. Tezi ilikuwa imevimba kwa sababu hiyo tu.

"Kila mbuzi iko na miguu nne," akaniambia. "Hii meza yangu pia iko na miguu nne. Wewe nataka kamua meza?"

Kwa mwezi mzima Dravu alinisalimia kwa kuuliza kama meza imetoa maziwa.

Sasa ule ugomvi. Tulikuwa kijiji cha Ludara, kwenye jabali kubwa ambapo akina mama huanika muhogo, tunangoja watu watoke shambani. Dravu alikuwa anakunjua wavu wake wa kukamatia mbung'o, na bila mtu kumuuliza akasema:

"Mzee, mimi nafikiri hii mantiki yako iko kama mbung'o tu. Mutu naona, naona tena, naona tena, mwisho najua. Wewe nazaliwa hapana jua. Shehe nafundisha wewe, wewe nakosea, yeye nachapa, wewe najua. Iko tofauti gani?"

Nilidhani Mzee atakasirika. Akatabasamu, akasogea kwenye kivuli cha gari.

"Mwaka jana wewe nasema mbung'o nakaa mtoni tu. Kweli?"

"Kweli."

"Mwezi huu wewe nakamata moja wapi?"

"Kwa ua ya ule mama, karibu na jiko."

"Basi wewe nabadilisha maneno. Wewe nasema, sio mtoni tu. Vizuri, hiyo iko sayansi. Lakini sasa ambia mimi: wewe nabadilisha na nini? Wewe nasema, tulisema mtoni tu, huyu moja hapana iko mtoni, kwa hiyo ile 'tu' iko uongo. Hii 'kwa hiyo', wewe nakamata na wavu?"

Dravu akakuna kichwa. "Hapana. Hiyo iko kisu ya kukatia."

"Eeh! Kisu ya kukatia. Nyama inabadilika, kisu iko ile ile."

"Lakini Mzee," Dravu akasema, naye hakuwa mjinga hata kidogo, "kisu pia nanolewa kwa jiwe. Siku moja kisu napata butu, hapana kata, mutu nabadilisha kisu."

"Siku hiyo wewe taona nini? Mbung'o iko ndani ya wavu yako na hapana iko ndani ya wavu yako?"

"Mimi taita wewe, Mzee, uje kuangalia."

Tulicheka sote, na Mzee alicheka kuliko sisi. Watu wakaanza kufika, kazi ikaanza. Lakini lilikuwa swali lenu lile lile, wajukuu zangu, limekaa pale juu ya jabali katikati ya muhogo uliokuwa unakauka. Msidhani mmeligundua nyinyi.

Miaka ikaenda. Mnajua, au hamjui, ilivyokuwa wakati ule: sabuni ya magendo, chumvi ya magendo, mafuta ya gari ukiyapata unashukuru kama umepata mtoto. Tulizunguka kidogo kuliko zamani, na Mzee Rajabu akawa anakaa sana pale kituoni kwetu Koboko. Nyumbani kwake ndiko nilikokula. Mama Zubeda hakuzaa, akanifanya wake. Akisuka kawa zake za rangi ananiambia, "Mtoto yangu, kaa hapa, kula, wewe nakonda kama baba yako." Baba yangu maana yake Mzee. Wazazi wangu wa Mvara walikuwa hai wakati huo, na wala hawakuona wivu.

Ukafika mwezi wa Ramadhani, na Mzee akaanza kusinzia.

Sikieni vizuri hapa, maana sijui kikosi kingine duniani kilichokosea hivi. Sisi kazi yetu ni malale. Tunaingia kijijini, tunauliza, "Nani hapa analala mchana?" Na mkubwa wetu anasinzia juu ya hadubini mbele ya macho yetu, nasi tunatembea kwa vidole tusimwamshe! Kwani si amefunga? Si anaamka kula daku? Dravu akawa anamwekea kivuli. Mimi namfunika na koti lake. Mtu akija na kelele tunamnyamazisha: "Ssss, Mzee amefunga." Tulimpenda, na kumpenda kukatuziba macho.

Idi ikaja, tukala, tukapewa vibarua vya kufukuza nzi kwenye sinia za halua, mwezi ukaisha. Mzee akaendelea kusinzia.

Mama Zubeda ndiye aliyeniita jikoni. Alikuwa anamenya vitunguu na sikujua ni vitunguu vinavyomliza au la.

"Mtoto yangu, huyu mzee hapana iko mzee yangu. Jana natukana mimi. Miaka yote hapana tukana mimi. Usiku hapana lala, natembea kwa nyumba, nafungua mlango, nafunga."

Nilimwendea Mzee, nikamwomba nimpime. Akakubali kwa kuchoka tu. Shingo yake nikaipapasa taratibu: haina tezi hata moja, ingawa si kila mwenye malale huvimba tezi. Damu nikaitazama, nikaitazama tena kesho yake. Hajaonekana. Nikamwambia, "Mzee, hajaonekana."

Akaniangalia kwa macho mazito.

"Vizuri. Wewe naangalia, wewe hapana ona. Basi hakuna. Mimi hapana iko na malale. Kwisha."

Neno lile, kutoka mdomo ule! Nikafikiri ananitania, nikangoja atabasamu. Hakutabasamu. Basi nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Nilimletea kitendawili chake mwenyewe, kile cha muhogo na simsim.

"Mzee, wote wenye malale wana tezi shingoni. Mimi nina tezi shingoni. Basi?"

Alifikiri muda mrefu. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na machozi yakamtoka.

"Basi wewe iko na malale, binti yangu. Pole. Pole sana. Kwa nini wewe hapana ambia mimi mapema?"

Nililia naye. Nilimuuliza majina ya mbung'o, akayataja yote. Nikamuuliza maji ya tezi yanatazamwa lini, akasema papo hapo kabla hayajakauka, na akanikaripia kwa nini nauliza jambo ninalolijua. Vyote alivyoviona maishani vilikuwa mahali pake. Kilichoondoka ni ile "kwa hiyo" yake.

Nilijua. Msiniulize nilijuaje, tutafika huko. Nilijua kwamba wadudu wako kichwani mwake, na kwamba njia ya kuwaona ni kuchukua maji ya uti wa mgongo, na hilo lilitaka daktari, na daktari alikuwa Arua.

Mzee akakataa katakata. "Mimi hapana mgonjwa! Wewe mwenyewe nasema hapana ona!" Alinirushia kikombe. Chai ikamwagika kwenye kanzu yake, akaitazama kama haijui. Dravu alitaka kumbeba kwa nguvu. Mama Zubeda akatusogeza wote wawili, akaketi chini karibu naye, akasema kwa sauti ndogo: "Mzee yangu, binti yako iko mgonjwa. Wewe mwenyewe nasema. Nani tapeleka yeye Arua?"

Mzee akasimama hapo hapo. Akatafuta viatu vyake. "Twende," akasema. "Mtoto hapana enda peke yake."

Ndivyo tulivyompeleka, wajukuu zangu. Juu ya lori la tumbaku, tumekalia marobota, njia nzima kanishika mkono ananiambia nisiogope, sindano si kitu. Nami namwambia, "Siogopi, Baba, ukiwepo siogopi." Sikuwahi kumwita Baba kabla ya siku ile.

Daktari alikuwa kijana mtaratibu aliyebaki karibu peke yake wodini baada ya wenzake kuondoka nchini. Alinisikiliza. Akasema, "Dada, nakuelewa. Lakini nimchome mzee sindano ya mgongo kwa sababu amekosea kitendawili?" Na ukitazama vizuri, hakuwa na kosa kuuliza. Dawa ya malale yaliyofika kichwani ilikuwa na sumu ndani yake. Iliokoa wengi, na wengine iliwaua pale pale kitandani. Haikupewa mtu kwa kubahatisha. Wakati huo huo Mzee, akigeuka kumtafuta mkewe, akajigonga ugoko kwenye chuma cha kitanda. Hakusema kitu. Akapiga hatua. Ndipo akapiga ukelele, akaushika mguu, uso umemkunjika kwa maumivu yaliyochelewa kufika. Daktari akatazama ule ugoko, akanitazama mimi. Wote wawili tulikuwa tumesoma kwamba malale ya kichwani hufanya hivyo. "Mlazeni," akasema.

Yale maji nilipewa mimi niyatazame. Niliyazungusha kwa mashine ya mkono, nikachukua tone la chini, nikaweka kioo cha kufunikia. Nikaikemea mikono yangu kwa Kilugbara, kwa maneno nisiyowafundisha. Nikatazama ukingo hadi ukingo. Hajaonekana. Mama Zubeda alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umeng'atwa katikati ya meno.

"Hakuna?" akauliza.

"Hajaonekana, Mama."

Tone la pili. Nikageuza kile kioo cha chini kikakamata wingu jeupe dirishani. Pembeni kabisa, kitu kikasukumwa. Nikangoja. Akajitokeza mwenyewe, mwembamba, anajinyonganyonga, anaogelea katika maji ya mgongo wa mtu niliyempenda. Sijawahi kuchukia kiumbe hivyo, na sijawahi kufurahi hivyo kukiona kiumbe.

Nikafanya kazi ya kukausha mabomba ya sindano, maana dawa ile ikikutana na tone la maji inaharibika. Niliyakausha juu ya jiko la mkaa, nikayapuliza, nikayakausha tena. Dawa ilimuunguza Mzee mishipa. Siku kadhaa alipandwa na homa akaita watu waliokwisha kufa, na Mama Zubeda akawa anawajibu kwa niaba yao ili asijione mpweke. Tuliomba kila mtu kwa dini yake. Dravu, ambaye kanisani alikuwa mgeni, aliomba kwa zote mbili, Ukristo na Uislamu.

Kisha asubuhi moja nikaingia na uji, nikamkuta amekaa, kofia imekaa sawa kichwani, ananitazama kwa macho yale ya kuondoa miwani.

"Ezaru. Mama nasema kwangu, wewe najua mimi mgonjwa sababu mimi nakosea mantiki."

"Ndiyo, Mzee."

"Mwenye malale ya kichwa nakosea mantiki. Rajabu nakosea mantiki. Basi Rajabu iko na malale." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Binti yangu, hiyo iko ile ile meza ya kukamua! Dravu nakosea kila siku. Yeye pia iko na malale?"

Uji ulinimwagikia miguuni. Nilicheka, nikalia, nikapiga magoti nikaweka kichwa kitandani pake, na Mama Zubeda alipoingia akadhani amekufa akaanza kupiga mayowe, ikabidi marehemu mwenyewe amnyamazishe.

Dravu alipofika hakumpa nafasi ya kupumua. "Mzee, sasa umeona? Mdudu nakula mantiki yako. Kitu yenye mdudu nakula, iko kitu ya mwili, sawa na kujua mbung'o. Mimi nashinda!"

"Ngoja," Mzee akasema. "Ile siku mimi nalia kwa Ezaru, nasema yeye iko na malale sababu ya tezi. Siku hiyo ilikuwa kweli?"

"Hapana."

"Basi mdudu nakula Rajabu. Mantiki hapana gusa."

Mimi ndiye niliyesema, kwa woga kidogo: "Lakini Mzee, hoja yangu ilikuwa mbovu, na bado nilijua. Nilijuaje?"

Alinitazama kwa upole mwingi. "Wewe najua mimi. Miaka mingi wewe naona Rajabu kila siku. Ile siku wewe naona kitu nasukumwa, wewe nangoja. Hiyo iko sayansi, binti yangu. Iko sayansi nzuri sana. Lakini usiite mantiki."

Basi hilo ndilo jibu lake. Je, mantiki tunaijua kama sayansi? Alisema hapana, na Dravu akasema ndiyo, na hawakupatana mpaka mwisho.

Mwisho huo ulikuja mwaka wa sabini na tisa. Vita vilikuwa vinakaribia na watu wakaanza kuondoka, wengine Zaire, wengine Sudan. Tuliachana kwenye njia panda nje ya Koboko. Mzee na Mama Zubeda walikuwa wanaelekea Sudan na baiskeli iliyobeba godoro, sufuria na kawa zilizofungwa kwa kamba. Mimi nilikuwa narudi Mvara kuwachukua wazazi wangu tuvukie Zaire. Mama Zubeda alinivalisha mtandio wake. Mimi nikamng'ang'ania Mzee kanzu kama mtoto mdogo.

"Nitawatafuta," nikamwambia. "Nitawatafuta kila mahali."

"Tafuta," akasema. "Na kama wewe natafuta, natafuta, hapana ona mimi," hapo akainua kidole, mwalimu mpaka dakika ya mwisho, "wewe taandika nini?"

Akanifuta machozi kwa mkono wa kanzu, akashika usukani wa baiskeli, wakaenda.

Nilitafuta. Niliuliza kambini, niliuliza waliorudi, niliuliza Koboko yenyewe nilipofika tena baada ya miaka mingi na kukuta nyumba yao ni nyasi. Nimeuliza mpaka watu wakanionea huruma. Mzee Rajabu alikuwa mtu mzima mimi nikiwa msichana, na sasa mimi ni bibi kizee. Sayansi yangu yote, kila nilichokiona kuhusu miili ya watu, inaniambia jibu, nami naliamini. Sijidanganyi.

Lakini binti uliyeuliza, mwaka huu tena mjukuu wa Dravu amenipigia simu kuniuliza kama nimepata habari zozote za Mzee, nami nikafungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa moja tu.

"Hajaonekana."